Nati ya giaboksi iliyogoma: mafuta, moto, bomba, mashine ya upepo au tindo?

Giaboksi ya Land Rover 109, Series III, ilikuwa imesimamishwa juu ya tairi kuukuu chini ya mwarobaini, Tabata, Dar es Salaam. Oili ilishamwagwa, kifuniko cha nyuma kilishatoka, na katikati ilionekana nati ya mviringo yenye mikato pembeni, ile inayoibana gia iliyo nyuma kabisa kwenye shafti kuu. Isipotoka hiyo, kazi imesimama. Tulikuwa watu watano, na kila mmoja ana dawa yake. Mmoja anataka gesi iletwe. Mwingine anasema imwagiwe dizeli ilale nayo mpaka kesho. Kijana wa tairi wa jirani anasema ataleta mashine yake ya upepo, ile inayofungua nati kwa kugonga. Mwingine keshashika tindo na nyundo, anasubiri tu aambiwe "haya".

Dawa zote zile nimeshaziona zikifanya kazi, na zote nimeshaziona zikiharibu vitu vya watu. Tofauti haiko kwenye nguvu ya dawa. Iko kwenye jibu la swali ambalo siku ile hakuna aliyeliuliza mapema: nati hii imeshikwa na nini?

Inaweza kushikwa na vitu vinne. Cha kwanza ni kutu, na kutu hukaa nje: nati za flenji ya propela (sahani yenye matundu inapofungwa propela), za kengele ya klachi (kasha linaloifunika klachi), bolti za maunti (viegemeo vya giaboksi). Gari iliyolala Kigamboni au Msasani inapata hewa ya chumvi mwaka mzima, na masika yakiingia mwezi Machi mpaka Mei unyevu haukauki kabisa. Ndani ya giaboksi mambo ni mengine. Nati ya ndani imeogelea kwenye oili miaka 40, haijui kutu ni nini. Kuimwagia dizeli ni kumwagia samaki maji.

Cha pili ni kufuli. Land Rover inatumia washa ya kukunja, ambayo ulimi wake umelazwa ndani ya mkato wa nati. Land Cruiser za zamani zina nati ambayo ukingo wake umegongwa ukazama kwenye mfereji wa shafti. Flenji nyingi zina pini. Kufuli lisipoinuliwa kwanza, nguvu yote unayoweka inakwenda kukata uzi (ile mizunguko ambayo nati hutembea juu yake), na huo uzi uko kwenye shafti, kitu cha gharama, siyo kwenye nati tu.

Cha tatu ni gundi ya uzi, hasa ile nyekundu, iliyowekwa na fundi aliyetangulia. Cha nne ni nguvu na majeraha: nati ilikazwa kupita kiasi, au iligongwa kwa tindo mara nyingi mpaka chuma chake kikavimba na kulalia washa.

Kuna na jambo la tano ambalo halishiki nati, linamchanganya fundi tu: uzi wa kushoto. Giaboksi za MGB na Morris Minor, kwa mfano, zina nati ya uzi wa kushoto kwenye shafti inayotoka klachi. Ukiivuta upande uliouzoea unazidi kuikaza. Simamisha shafti wima uangalie uzi unaochungulia nje ya nati. Ukiwa unapanda kuelekea kulia ni wa kawaida, ukipanda kuelekea kushoto geuza mkono.

Sasa tuziweke dawa mbili mbili.

Mafuta na moto

Mafuta ni ya bei nafuu na hayaumizi kitu, ila yanataka muda. WD-40 ambayo kila duka la vipuri Kariakoo inayo ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma. Kwa kutu nyepesi inatosha, kwa kutu iliyokomaa tafuta mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa kupenya. Mafundi wengi huchanganya oili ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, lakini vitu hivyo viwili havikai pamoja, lazima utikise chupa kila unapotaka kumwaga, na mvuke wa asetoni unashika moto haraka sana, kwa hiyo usiuweke karibu na mtu anayechomelea. Mafuta ya breki nayo yanapenya, ila yanababua rangi na kuvimbisha raba ya oili sili. Yaweke mbali na sili unayotaka kuibakiza.

Njia ya mafuta ni kumwaga, kugonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo mara kumi na tano hivi, kuacha, na kurudia asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu. Kugonga ndiko kunakofungua nyufa za kutu ili mafuta yapite. Wanaosema mafuta hayasaidii, wengi wao walimwaga saa nne na kuanza kuvuta saa nne na robo.

Moto unafanya kazi kwa namna nyingine. Chuma kinatanuka kwa sehemu 12 kati ya milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Nati yenye tundu la milimita 30 ikipanda nyuzi 150, tundu lake linapanuka kwa karibu milimita 0.05, kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Ni kidogo, lakini kutu na gundi vinahitaji kidogo hicho hicho. Sharti ni nati ipate joto kabla ya shafti. Ndiyo maana gesi ya oksijeni na asetilini, ambayo ncha ya moto wake inapita nyuzi 3,000, inafaa kuliko moto wa mtungi wa jikoni. Moto mpole unapasha vyote viwili pamoja, vinatanuka pamoja, na umepoteza gesi yako bure.

Hatari ya moto iko kwa majirani wa nati. Beringi haitakiwi kupita nyuzi 120 hivi. Meno ya gia yamekomazwa kwa joto, na ukiona chuma kimegeuka rangi ya majani makavu ujue umefika nyuzi 220 na kitu; buluu ni karibu 300, na jino lililofika hapo limelainika, halirudi. Hauzingi ya Land Rover ni ya aluminiamu, inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na ukiipasha upande mmoja tu unaweza kuipasua. Ninachofanya ni kudondosha tone la maji juu ya beringi iliyo karibu. Tone likichemka, natoa moto, hata kama nati bado imegoma. Na kama umesafisha kazi yako kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, usilete moto kabisa, maana dawa hiyo ikiungua inatoa gesi ya sumu.

Kwa hiyo, nati ya nje yenye kutu: anza na mafuta, siku tatu, bila haraka. Moto uje baadaye, na uje tu kama sili na beringi ya hapo ulishaamua kuzibadilisha. Nati ya ndani yenye gundi nyekundu: moto moja kwa moja, maana gundi ile hailegei mpaka ifike karibu nyuzi 250, na mafuta hayaigusi. Nati ya ndani isiyo na gundi: acha vyote viwili.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda sana, mshumaa. Ipashe nati kiasi cha kutogusika kwa mkono, kisha gusisha mshumaa pale uzi unapoingilia. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani. Nati mbili za kengele ya klachi ya 109 zilitoka hivyo, bila kukata hata moja.

Bomba refu na mashine ya upepo

Hapa ndipo vijana na wazee hugombana, na mimi niko upande wa wazee.

Bomba ni lile unalochomeka kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, na hesabu yake ni rahisi. Mtu wa kilo 70 akining'inia kwenye mkono wa mita moja anaweka karibu newtonmita 690, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Nati ya ekseli ya nyuma ya Volkswagen Beetle, namba 36, ambayo watu wanaiogopa, hufungwa kwa newtonmita 300 hivi. Kwa maneno mengine, mkono wa mita moja na mtu mzima mmoja vinatosha karibu nati zote za gari dogo. Kama hazitoshi, kuna kufuli hukuliona, au uzi ni wa kushoto. Ukiona watu wawili wanataka kupanda juu ya bomba, wasimamishe, tochi imulike nati upya.

Uzuri wa bomba ni kwamba unahisi. Nati inayoanza kutoka inaleta ujumbe mkononi, na shafti inayotaka kupinda inaleta ujumbe wake pia. Ubaya ni kwamba lazima uzuie shafti isizunguke, na kazi nyingi zinaharibika hapo, watu wanapochomeka bisibisi kati ya meno ya gia. Kwa nati ya ndani, ingiza gia mbili kwa wakati mmoja: sukuma habu mbili (zile zinazoteleza kuunganisha gia na shafti) kila moja kwenye gia yake, shafti zitafungana zenyewe. Kwa flenji, tafuta chuma bapa cha urefu wa mita moja, unene wa milimita 8 au 10, utoboe matundu mawili yanayolingana na matundu mawili ya jirani ya flenji, ili chuma kipite kando ya nati na kuacha nafasi ya soketi. Kifunge kwa bolti, kiegemee ardhi, kisha uvute. Mimi changu nilikitoboa mara moja na nimekitumia mpaka leo.

Tumia soketi ya kona sita, siyo ya kona kumi na mbili. Na angalia inchi. Soketi nyingi tunazonunua hapa mjini ni za milimita, wakati nati nyingi za Land Rover za zamani ni za inchi. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, soketi namba 19 inakubali. Lakini inchi moja na moja ya nane ni milimita 28.6, namba 29 inacheza, na soketi inayocheza chini ya bomba la mita moja ndiyo inayokula kona. Nati nyingi zinazoitwa sugu zilikuwa nzima mpaka soketi isiyo yake ilipozigusa.

Mashine ya upepo inagonga mara nyingi kwa sekunde, na mapigo hayo yanavunja kutu vizuri. Kwa nati ya flenji iliyoliwa na chumvi, mashine ni nzuri, naikubali bila kinyongo; mara nyingi haihitaji hata kuzuia shafti sana. Ila kila pigo linapita kwenye beringi na kwenye meno yaliyofungana. Ukiwa umeingiza gia mbili kisha ukaleta mashine, unagonga meno ya gia ambazo vipuri vyake havipatikani kila duka. Kompresa ndogo ya mtaani nayo inaishiwa pumzi katikati, mapigo yanalegea, na soketi inaanza kurukaruka kwenye kona. Pia ile soketi ya kung'aa haikutengenezwa kwa kugongwa, inaweza kupasuka na kipande kikaruka usoni. Zipo nyeusi, nene, kwa kazi hiyo.

Nje ya giaboksi, mashine. Ndani, bomba. Na kabla ya yote mawili, kaza kwanza kidogo, digrii chache tu za mzunguko, halafu ndiyo ufungue. Kukaza kunavunja mshiko kwa upande ambao uzi haujaumia.

Tindo na soketi ya kutengeneza

Turudi kwenye nati ya Tabata, ile ya mikato. Haina kona, haishiki soketi yoyote ya dukani. Kiwanda kilikuwa na kifaa chake maalumu, nacho huku hukipati kirahisi. Basi desturi ni tindo: unaiweka kwenye mkato, unagonga kwa kuzungusha, nati inatembea.

Nitasema wazi kwamba tindo inafungua. Kama nati haijakazwa sana na tindo ina ncha butu ya shaba au chuma laini, inafungua ndani ya dakika tano bila kuacha alama kubwa. Nisingemlaumu mtu aliye porini Selous ambaye gari yake inamngoja. Ila giaboksi yetu ilishafunguliwa kwa tindo siku za nyuma, kwenye gereji ambayo mwenye gari haikumbuki vizuri. Mikato miwili ilikuwa imechanika, chuma chake kimevimba kuelekea nje, na ulimi wa washa ulikuwa umevunjika ukaachwa hivyo hivyo. Nati ikirudishwa bila kufuli inalegea polepole, gia ya nyuma inaanza kucheza kwenye mifereji ya shafti, na mwenye gari anasikia mlio wa kusaga ambao hajui unatoka wapi. Gari hii ilikuja kwetu kwa sababu ya mlio huo. Kilichotakiwa kuokoa nusu saa kilikula mifereji ya shafti.

Nikamwambia yule wa tindo, "Kaka, subiri," nikachukua kipande cha kadibodi ya boksi la sabuni, nikapaka grisi nyepesi kwenye uso wa nati, nikabonyeza kadibodi kwa dole gumba mpaka mikato yote ikachora. Nikaenda nacho mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa mzee mmoja fundi wa grainda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni nati ya Landrover." Alikuwa hajaigusa bado kadibodi.

Nilitaka anikatie meno kwenye mwisho wa bomba la maji, anichomelee nati kubwa upande wa pili ili nishike kwa soketi. Akakataa. "Bomba la maji laini. Meno yatalala kabla nati haijatetereka." Akavuta ndoo ya soketi kuukuu chini ya meza, akapima kadhaa kwa venia, kile kipimo cha milimita, akachagua moja kubwa ambayo tundu lake lilipita juu ya ncha ya shafti na ukuta wake ukalingana na upana wa nati. Akaweka alama za meno kwa kutumia kadibodi yangu, akawasha grainda.

Nilichojifunza pale ni namna ya kusaga bila kuua chuma. Alikuwa anagusisha diski kwa sekunde tatu, nne, anachovya soketi kwenye kopo la maji, anagusisha tena. Kazi ndogo ile ilichukua karibu saa nzima. Mara moja tu ncha ya jino ilibadilika rangi, akaisaga yote ikatoka. "Ukiona buluu, jino limeshakufa. Litapinda." Mwisho akapiga tupa kila jino pembe kwa pembe, akajaribu kwenye kadibodi, akanipa. Nililipa kiasi ambacho hakifiki hata nusu ya bei ya soketi moja nzuri mpya ya saizi ile.

Ukilinganisha, basi, tindo ni ya bure na ya papo hapo, na inakula nati kidogo kila mara inapotumika. Soketi ya kutengeneza inakula siku yako moja na nauli ya kwenda Gerezani, lakini inagusa mikato yote kwa mara moja, inakubali bomba, na baadaye inakufungia nati kwa kipimo. Hilo la mwisho watu hawalifikirii. Kwa tindo unaweza kufungua, lakini huwezi kukaza kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu unayokazia. Kama unajenga giaboksi upya, siyo kuiponyesha ifike nyumbani, soketi ndiyo chaguo langu, na silioni la kushindana nalo.

Kukata

Kwa nati ambayo mikato yake au kona zake zimeisha kabisa, usipoteze siku. Nati ni ya bei ndogo, shafti siyo. Toboa mstari wa matundu madogo kwenye ukuta wa nati, sambamba na shafti, ukiacha ganda jembamba upande wa uzi, kisha ipasue kwa tindo. Grainda yenye diski ya milimita moja ni haraka zaidi, ila cheche zake ni vumbi la chuma, na vumbi hilo likiingia kwenye beringi umejitengenezea kazi nyingine. Ziba kila tundu kwa kitambaa chenye grisi na usafishe kwa mafuta ya taa ukimaliza. Ukikata hivi kwa utulivu uzi wa shafti unabaki mzima. Nimeona uzi ukiharibika zaidi kwa masaa ya kugonga kuliko kwa dakika kumi za kukata.

Nati ya Tabata haikufika huko. Tulisawazisha chuma kilichovimba kwa tupa, tukatoa mabaki ya ulimi wa washa kwa koleo, tukaingiza gia mbili, soketi ikakaa, bomba la mita moja likafuata. Tulikaza kidogo kwanza. Kisha kijana wa tindo ndiye aliyevuta, peke yake, ikatoa mlio mmoja mkavu na kuanza kuzunguka. Uzi wa shafti ulikuwa safi. Mifereji ilikuwa imelika upande mmoja, shafti nyingine ikatafutwa.

Nati na washa vyote viliwekwa vipya, na ulimi wa washa ulilazwa kwenye mkato kwa koleo. Soketi ya Gerezani inaning'inia kwenye msumari ukutani, imepakwa grisi. Tangu Land Rover zianze kutafutwa upya, hasa baada ya lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, imeshaazimwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikwenda mpaka Kibaha.